SOMO LA KUMI NA NNE: SAUTI, NAMBA NA VISANDUKU VINAVYOPOKEZANA

Chala iko katika uwanda wa juu wa Ufipa, wilayani Nkasi, mkoani Rukwa. Zamani, kabla ya majembe ya dukani kuenea, mafundi wa Ufipa waliyeyusha chuma wao wenyewe. Kazi hiyo haikumalizika mahali pamoja. Kwanza mawe yenye chuma yalichimbwa, yakapangwa pamoja na makaa katika tanuri la udongo liitwalo ilungu. Ilungu lilikuwa refu kuliko mtu. Hewa iliingia yenyewe kwa chini, kupitia matundu na mirija ya udongo, wala mivukuto haikuhitajika. Kilichotoka humo hakikuwa jembe. Lilikuwa bonge la chuma lililochanganyika na takataka. Bonge hilo lilipelekwa katika tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe. Hilo lilivuviwa kwa mivukuto, na humo chuma kilisafishwa. Ndipo kilipofika kwa mhunzi, naye akakifua kuwa jembe au shoka.

Sasa fikiri. Kama mawe yangepelekwa moja kwa moja kwa mhunzi, angefanya nini? Angeyapiga nyundo, yakavunjika, basi. Nyundo yake haikuwa na kosa, wala mawe hayakuwa na kosa. Kosa lingekuwa katika kupokezana. Kila mahali pa kazi palipokea kitu cha namna moja, pakakibadili, kisha pakakitoa kwa ajili ya mahali pengine.

Katika somo hili tutaona jinsi sauti inavyoweza kupokezwa vivyo hivyo ndani ya kompyuta, kutoka kisanduku hadi kisanduku. Tutaona pia mtu afanye nini anapokihitaji kisanduku ambacho hakimo. Kama shuleni kwenu hakuna kompyuta, msiwe na wasiwasi. Majaribio yote mawili ya somo hili hufanyika kwa ngoma, ulezi na vipande vya karatasi.

SAUTI NI MTETEMO

Jaribio la 1. Tafuteni ngoma mbili na punje chache za ulezi. Wekeni ngoma moja chini, uso wake ukiwa juu, mkanyunyize ulezi juu ya ngozi. Mwanafunzi mmoja asimame karibu na ngoma ya pili, asiiguse ile ya kwanza hata kidogo. Sasa apige kwa nguvu. Tazameni ulezi.

Mmeona nini? Punje zimerukaruka, ingawa hakuna aliyeigusa ngoma yake. Ngozi ya ngoma iliyopigwa ilitetema. Ikaisukuma hewa na kuiachia, ikaisukuma na kuiachia. Mtetemo ukasafiri hewani mpaka ukaifikia ngozi ya ngoma ya kwanza, nayo ikatetema. Ndani ya sikio lako imo ngozi nyembamba ambayo hutetema hivyo hivyo. Ndiyo maana unasikia.

Mtetemo ukiwa wa haraka, sauti huwa nyembamba, kama ya mtoto mchanga. Ukiwa wa polepole, sauti huwa nzito. Mtetemo ukiwa mkubwa, sauti huwa ya nguvu; ukiwa mdogo, huwa hafifu. Kwa hiyo sauti tunaweza kuipima kwa namba. Sauti itetemayo mara 220 kwa sekunde ni nzito kuliko ile itetemayo mara 440 kwa sekunde.

Kuna jambo la ajabu kidogo kuhusu namba hizo mbili. Baba na mtoto wake mdogo wakiimba wimbo mmoja pamoja, mara nyingi sauti ya mtoto hutetema mara mbili ya sauti ya baba. Hata hivyo, sisi tunaosikiliza husema kwamba wanaimba sauti moja. Umbali huo, kutoka sauti moja hadi nyingine itetemayo mara mbili zaidi, huitwa oktava. Likumbuke neno hili, kwa maana tutalirudia.

SAUTI HUWAJE NAMBA?

Bila shaka umewahi kupima urefu wa mmea katika bustani ya shule. Ukiupima mhindi kila wiki na kuandika urefu wake, mwisho wa msimu utaweza kuchora mstari unaoonyesha jinsi ulivyokua. Mtu ambaye hakuuona mhindi wenyewe ataitazama karatasi yako na kujua ni wiki gani ulikua haraka na ni wiki gani ulidumaa. Lakini kama ungepima siku ya kuota na siku ya kuvuna tu, karatasi yako isingesema lolote juu ya yaliyotokea katikati.

Kompyuta huipima sauti kwa njia hiyo hiyo. Maikrofoni huwa na ngozi nyembamba, kama ngoma ndogo sana. Ngozi hiyo ikitetema, umeme unaotoka katika maikrofoni hupanda na kushuka. Kompyuta huupima umeme huo, ikaandika namba. Hupima tena, ikaandika tena. Hupima mara ngapi? Kwa muziki, kipimo kilichozoeleka ni mara 44,100 katika kila sekunde.

Huenda utauliza, kwa nini nyingi hivyo? Masikio ya kijana mwenye afya husikia mitetemo mpaka ipatayo 20,000 kwa sekunde. Ili mtetemo mmoja ujulikane, yapasa upimwe zaidi ya mara mbili: unapopanda na unaposhuka. Mara mbili ya 20,000 ni 40,000, na kilichozidi kimeachwa kuwa nafasi ya usalama.

Namba hizo hazizidi 1 kwenda juu, wala hazipungui chini ya sifuri kupita 1. Kimya kabisa ni 0. Kelele kubwa kuliko zote ambazo kompyuta inaweza kuzitoa hufika kwenye 1. Zikipita hapo hukatwa, na sauti huwa ya kukwaruza, kama ya redio iliyofunguliwa kupita kiasi chake. Zikirudishwa kwenye spika, namba huwa umeme tena, umeme huitikisa spika, na spika huitikisa hewa.

Kwa kuwa sauti sasa ni namba, hesabu unazozijua tangu darasa la pili zinatosha kuibadili. Zidisha kila namba kwa 0.5, na mitetemo yote itapungua kuwa nusu. Jumlisha namba za sauti mbili, nawe utazisikia zote mbili kwa pamoja.

VISANDUKU NA MISTARI

Mwaka 1957 mhandisi wa Marekani aitwaye Max Mathews, aliyefanya kazi katika maabara ya Bell, aliandika programu iliyoifanya kompyuta itoe muziki. Muziki huo wa kwanza ulidumu kwa sekunde 17 tu. Siku hizo aliyetaka sauti kutoka kwa kompyuta aliandika maagizo mengi kwa maneno na namba, akayakabidhi kwenye mashine, akangoja. Hakuweza kugeuza kitu huku akisikiliza.

Katika miaka ya 1980 Mmarekani mwingine, Miller Puckette, alikuwa akifanya kazi katika kituo cha muziki kiitwacho IRCAM, mjini Paris, Ufaransa. Alitunga programu ambayo ndani yake mtu haandiki kurasa za maagizo, bali huchora. Programu hiyo ilipewa jina la Max, kwa heshima ya Mathews. Mwaka 1996 Puckette alitoa programu nyingine ya namna hiyo, iitwayo Pure Data. Hii hutolewa bure, na kila mtu anaruhusiwa kusoma jinsi ilivyoandikwa. Katika somo hili tutaizungumzia Pure Data.

Ukiifungua, utakuta uwanja mtupu, kama ubao uliofutwa. Juu yake unaweka visanduku. Kila kisanduku kina jina, na jina hilo ndilo kazi yake. Kimoja hutoa mtetemo. Kingine huzidisha. Kingine hupeleka sauti kwenye spika. Upande wa juu wa kisanduku yapo matundu ya kuingilia; upande wa chini yapo matundu ya kutokea. Kisha unachora mistari kutoka tundu la chini la kisanduku kimoja hadi tundu la juu la kingine. Kilichotoka huku huingia kule, kama bonge la chuma lilivyotoka katika ilungu na kuingia katika kintengwe.

Chora katika daftari lako visanduku vitatu, kimoja chini ya kingine. Katika cha juu andika: MTETEMO 440. Katika cha pili andika: ZIDISHA KWA 0.1. Katika cha tatu andika: SPIKA. Viunganishe kwa mistari. Hiyo ni ala kamili ya muziki, ingawa inajua kuimba sauti moja tu. Kisanduku cha kati si pambo. Ukiunganisha mtetemo na spika moja kwa moja, sauti itatoka kwa nguvu yote, na aliyevaa spika za masikioni anaweza kuyaumiza masikio yake. Sikio lililoharibiwa na kelele halirudi kuwa zima.

KUTANGULIA NA KUFUATA

Sasa tufike kwenye jambo linalowasumbua hata watu wazima waliozoea programu hizi. Kisanduku cha kujumlisha kina matundu mawili ya kuingilia, la kushoto na la kulia. Mtu hudhani kwamba matundu hayo ni sawa, kwa sababu 5 na 3 ni sawa na 3 na 5. Sivyo.

Jaribio la 2. Chagueni mwanafunzi mmoja awe kisanduku cha kujumlisha. Asimame mbele ya darasa, mikono ameinyosha. Wanafunzi wengine wawili wawe na vipande vya karatasi vilivyoandikwa namba: mmoja asimame kushoto kwake, mwingine kuliani. Aliye kisanduku atafuata kanuni hizi, wala asiongeze za kwake:

1. Ukiwekewa karatasi katika mkono wa kulia, ishike tu na unyamaze.
2. Ukiwekewa karatasi katika mkono wa kushoto, ijumlishe mara moja na namba iliyo katika mkono wa kulia, kisha taja jibu kwa sauti.
3. Usiitupe karatasi ya mkono wa kulia mpaka uletewe nyingine.

Mwanzoni apewe karatasi yenye 0 katika mkono wa kulia. Tunataka kujumlisha 5 na 3. Aliye kushoto atangulie kumpa 5. Kisanduku kitasema nini? Kitasema: “Tano!” Kisha aliye kulia ampe 3. Kisanduku kitanyamaza. Tunataka sasa kujumlisha 10 na 4. Wa kushoto ampe 10. Kisanduku kitasema: “Kumi na tatu!” Darasa litacheka, lakini mwenzenu hakukosea hesabu. Alijumlisha 10 na 3 iliyokuwa mkononi mwake. Ile 4 imefika baadaye, naye ameinyamazia.

Rudieni, safari hii wa kulia akitangulia kila mara. Mtapata 8, kisha 14.

Hivyo ndivyo kisanduku cha kujumlisha cha Pure Data kinavyofanya kazi. Tundu lake la kulia ni la kutunza. Tundu lake la kushoto ni la kuamsha. Visanduku vingi vimejengwa kwa kanuni hiyo. Kwa hiyo data, yaani namba na habari zinazopokezwa, lazima zifike kulia kwanza, kisha kushoto.

Ugumu huwa mkubwa zaidi pale namba moja inapotakiwa kuingia katika matundu yote mawili, mathalani unapotaka kujumlisha 6 na 6 hiyo hiyo. Unachora mistari miwili kutoka tundu moja la chini. Ni upi utatangulia? Katika Pure Data hutangulia ule uliochorwa kwanza, lakini mchoro hauonyeshi ni upi uliochorwa kwanza! Michoro miwili inaweza kufanana kabisa machoni, mmoja ukatoa jibu la kweli na mwingine ukatoa jibu la zamani. Nimewahi kutafuta kosa la namna hiyo tangu asubuhi hadi jua kuchwa, nikitazama mchoro usio na doa.

Dawa yake ni kutumia kisanduku cha mpangaji. Mpangaji hupokea namba moja na kuitoa katika matundu yake ya chini kwa zamu, daima akianza na la kulia. Ni kama mzee anayesimama mlangoni penye msongamano na kusema, “Wewe kwanza, wewe baadaye.” Ukimwona mpangaji katika mchoro wa mtu, ujue mchoraji huyo alikwisha kuumia mara moja.

MJUMBE NA MFEREJI

Si kila mstari unaopeleka kitu cha namna moja. Kuna mistari inayopeleka ujumbe, na kuna mistari inayopeleka sauti.

Ujumbe ni kama mtoto anayetumwa. Anakwenda pale tu anapotumwa, anatoa habari yake, kazi imekwisha. Ujumbe unaweza kuwa namba moja, au neno, au orodha ya namba kadhaa zinazosafiri pamoja kwa mpangilio wake. Uko pia ujumbe usio na namba wala neno, ambao maana yake ni “fanya sasa” tu, kama kengele ya shule.

Sauti haitumwi hivyo. Sauti ni kama mfereji wa maji, haikatiki. Tumekwisha kuona kwamba namba 44,100 hupita katika kila sekunde. Pure Data haizipitishi moja moja, bali huzifunga katika mafungu ya namba 64. Ukigawanya 44,100 kwa 64, utaona kwamba mafungu yanayopita katika sekunde moja ni 689 na kitu kidogo. Kila kisanduku cha sauti hupokea fungu, hulifanyia kazi, hulitoa, hupokea jingine.

Ili watu wasichanganye, majina ya visanduku vya sauti huishia na alama ya wimbi, ~, na mistari ya sauti huchorwa minene. Ukijaribu kupeleka mstari wa sauti katika kisanduku cha ujumbe cha kujumlisha, programu itakataa. Hiyo ni sawa na kumpelekea mhunzi mawe. Vipo visanduku vya kubadilisha, kwa mfano kimoja ambacho kila kikiambiwa “fanya sasa” huchota namba moja kutoka katika mfereji wa sauti na kuitoa kama ujumbe.

KISANDUKU KISICHOKUWEPO

Tumesema kwamba oktava ni umbali kutoka mtetemo 220 hadi 440. Watu wa nchi mbalimbali huugawa umbali huo kwa njia mbalimbali. Kinanda cha umeme, kama vile vilivyo katika makanisa mengi, kimeugawa katika hatua 12 zilizo sawa. Kila hatua huzidisha mtetemo kwa karibu 1.0595. Watengenezaji wa programu nyingi za muziki wamefuata kinanda hicho, na kwa sababu hiyo ndani ya programu zao zimo hatua hizo 12 peke yake.

Kaskazini ya nchi yetu, ng’ambo ya Ziwa Viktoria, iko nchi ya Buganda katika Uganda. Huko ipo ala ya mbao iitwayo amadinda. Ina mbao 12 zilizolazwa juu ya migomba, nayo hupigwa na watu watatu kwa pamoja. Wawili huketi wakielekeana, kila mmoja akipiga katika nafasi anazoziacha mwenzake, na wa tatu hupiga mbao mbili nyembamba za mwisho. Kutokana na mapigo yao hutoka nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga peke yake.

Mafundi wa amadinda hawaigawi oktava katika hatua 12. Wanaigawa katika hatua tano, zinazokaribia kuwa sawa. Tuhesabu basi. Hatua tano zilizo sawa kabisa zinataka kila mtetemo uzidishwe kwa karibu 1.1487. Tukianza na 220, tunapata 252.7, kisha 290.3, kisha 333.5, kisha 383, na hatua ya tano inatufikisha 440, mara mbili ya 220, kama ipasavyo.

Sasa utafute mtetemo wa 252.7 katika kinanda. Kuna kidole cha 246.9, na kinachokifuata ni cha 261.6. Katikati hapana kitu. Mpigaji wa kinanda atachagua kimoja kati ya hivyo viwili, na wimbo wa Buganda utatoka umepinda. Akisikilizwa na watoto kila siku, baada ya miaka watoto watadhani kwamba kinanda ndicho kinachosema kweli na mbao za babu zao ndizo zilizokosea. Hilo limekwisha kutokea mahali pengi, na si Uganda peke yake. Nami naliona kuwa hasara kubwa kuliko kuvunjika kwa ala.

Je, ndani ya Pure Data kimo kisanduku kiitwacho amadinda? Hakijawekwa humo na waliotunga programu. Lakini twaweza kukitengeneza, na njia ni mbili.

Njia ya kwanza ni kukusanya visanduku vidogo ndani ya kisanduku kimoja na kukipa jina. Ndani yake tutaweka orodha ya mitetemo mitano. Ikiingia namba 0, itoke 220. Ikiingia 1, itoke 252.7, na kuendelea. Mwenye kukitumia haoni yaliyomo ndani. Anaona jina, tundu la kuingilia na tundu la kutokea. Njia hii yatosha kwa kazi nyingi, na mwanafunzi wa darasa la tano anaweza kuimudu.

Njia ya pili ni kuandika kiendelezi. Kiendelezi ni kisanduku kipya kabisa, kinachoandikwa nje ya programu kwa lugha ya kompyuta, kwa kawaida lugha iitwayo C, ambayo ndiyo iliyoandikiwa Pure Data yenyewe. Mwandishi wa kiendelezi huieleza programu mambo manne: jina la kisanduku, matundu yake ya kuingilia, matundu yake ya kutokea, na la kufanya kila aina ya data inapoingia. Mathalani: “Ikija namba kulia, itunze. Ikija namba kushoto, fanya hesabu, kisha toa jibu chini.” Unaona kwamba ni zile zile kanuni tulizompa mwenzetu katika Jaribio la 2! Maandishi hayo hugeuzwa kuwa lugha ya mashine, yakawekwa katika faili. Siku utakapoandika jina hilo katika kisanduku, Pure Data italitafuta faili hilo na kulitumia. Isipoliona, kisanduku huchorwa kwa mstari wa kukatikakatika na hakifanyi kazi yoyote.

Njia ya pili hutumiwa pale kazi inapokuwa nzito au inapotakiwa upesi. Kumbuka yale mafungu 689 ya kila sekunde. Visanduku vyote vya sauti katika mchoro, kwa jumla yao, vina muda usiofika hata sehemu 2 za elfu ya sekunde kwa kila fungu. Kiendelezi kikichelewa, mfereji hukauka kwa kitambo kidogo, nasi husikia “tak” katikati ya muziki. Kwa hiyo mwandishi mzuri wa kiendelezi cha sauti hafanyi humo mambo ya kungojana, kama vile kusoma faili refu. Mambo hayo huyafanya kabla.

Kabla hatujafunga somo, turudi kwenye namba zetu tano. Tulizipata kwa hesabu, lakini fundi wa amadinda hatumii hesabu. Huchonga ubao kidogo kidogo, akausikiliza, akachonga tena, na hatua zake hazilingani kabisa. Mbao za fundi mmoja hutofautiana kidogo na za mwingine. Basi kisanduku chetu kitakuwa bora zaidi kama hakitafungiwa namba za hesabu. Tukipe tundu moja zaidi upande wa kulia, la kutunza, lipokee orodha ya namba tano zilizopimwa kutoka kwa ala yenyewe. Orodha ikiingia, zile za zamani zifutwe. Kama hesabu inasema 252.7 na ubao wa mzee unasema 255, kinachobadilishwa ni namba, si ubao.

MASWALI NA KAZI

1. Kwa nini ulezi uliruka juu ya ngoma ambayo haikupigwa?
2. Sauti imedumu sekunde 3. Kompyuta imeipima mara ngapi, kama inapima mara 44,100 kwa sekunde?
3. Kisanduku cha kujumlisha kinatunza 7 kulia. Kushoto inaingia 2, kisha kulia inaingia 9, kisha kushoto inaingia 2 tena. Andika majibu yote kitakayoyatoa, kwa mpangilio wake.
4. Mwanafunzi ameunganisha kisanduku cha mtetemo na spika bila kuzidisha kwa namba ndogo. Mwandikie sentensi mbili za kumwonya.
5. Chora kisanduku cha amadinda chenye matundu mawili ya kuingilia na moja la kutokea. Andika kando ya kila tundu ni data ya namna gani inayopita hapo, na ni tundu lipi lipasalo kupata data yake kwanza.
6. Kama kijijini kwenu yupo mzee apigaye zeze au marimba, mwendeeni mkiwa wawili au watatu, na kumwamkia kama ipasavyo. Mwombeni awaonyeshe jinsi anavyoitengeneza ala yake mpaka isikike sawa. Andikeni anaanza na sauti ipi, anafuata ipi, na anajuaje kwamba sasa imekaa. Leteni maandishi hayo darasani.